Shajara ya mradi: Kilimanjaro kuja Kimara

Mwishoni mwa Oktoba

Binti yetu anatimiza miaka 8 tarehe 9 Desemba. Kwa kuwa alizaliwa Sikukuu ya Uhuru, tangu apate akili anaamini zile bendera za barabarani zinapepea kwa ajili yake, na hakuna aliyewahi kumbishia. Mwaka huu alipoulizwa anataka nini, jibu lilikuwa tayari mdomoni: anataka kupanda mlima wa Babu. Babu ni baba mkwe wangu, mzaliwa wa Marangu, na mlima wenyewe ndio huo huo Kilimanjaro.

Nikamweleza kwamba hifadhi hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kwenda kileleni. Akahesabu vidole, akanuna, akaenda kukaa kwenye ngazi. Baadaye akarudi na hoja nyingine: kama yeye haruhusiwi kwenda mlimani, mlima je, unaruhusiwa kuja kwetu Kimara, hapa Dar? Baba yake akacheka. Mimi nikatafuta daftari.

Kabla ya yote nimeweka sharti. Shughuli za watoto ninazoalikwa hapa mjini zinafanana: maputo ukuta mzima, kiti cha kifalme, MC, spika zinazotikisa madirisha, na watoto wamepangwa kwenye viti vya plastiki wakisubiri keki huku sisi wazazi tunapigana vikumbo kupiga picha. Kwa hiyo katika mradi huu hakinunuliwi kitu ambacho mtoto hatakibeba, hatakivaa, hatakipanda, hatakivunja wala hatakila. Cha kutazamwa tu kibaki dukani. Bajeti ni shilingi 400,000 kwa watoto 12. Mume wangu ameitikia kwa kichwa, na kwake hiyo ni saini kamili.

Wiki ya kwanza ya Novemba: njia

Kimara yenyewe ni vilima, hilo limetuokoa. Geti letu liko chini, nyumba iko juu, na nyuma ya nyumba kuna lundo la mchanga na kokoto za ujenzi ambao mwenye nyumba anasema bado unaendelea. Miaka yote nimelilalamikia lundo hilo. Sasa ni jangwa la mwinuko na haliguswi.

Mlima una kanda tano ukitokea chini: mashamba ya migomba na kahawa, msitu wa mvua, nyika ya vichaka na nyasi, jangwa la mawe, halafu kilele chenye barafu. Tumechagua njia ya Marangu. Sababu ya kwanza ni ya ukoo. Ya pili, ni njia yenye vibanda vya kulala badala ya mahema, kwa hiyo vituo vinajulikana: Mandara, mita 2,720, Horombo, mita 3,720, kibanda cha Kibo, mita 4,700 na ushee, halafu usiku wa manane unaanza kupanda changarawe hadi kingo za kreta, lile shimo la volkano juu ya Kibo, na ukiizunguka ndiyo Uhuru, kilele chenyewe, mita 5,895.

Kwetu imekuwa hivi. Geti ni Geti la Marangu. Mandara iko chini ya mwembe. Horombo ni pale kwenye simtanki, ambako kuna saruji na kivuli. Lundo la kokoto ni jangwa. Banda la mkaa ni kibanda cha Kibo, na limeshafagiliwa likashangaa lenyewe. Korido ya ndani, mapazia yakifungwa, ni usiku. Kilele ni chumba cha wageni, kwa kuwa ndicho pekee chenye kiyoyozi.

Ramani nimechora kwa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Binti ameikagua na kuagiza wawekwe mbega msituni. Nimeandika: mbega.

Shemeji anauliza mzani

Mdogo wa mume wangu aliwahi kubeba mizigo mlimani kabla ya kuhamia Dar kuuza vipuri vya pikipiki. Wenyewe wanajiita wagumu. Jumapili alikuja kula, nikamtandazia ramani kwa fahari. Akaitazama hadi mwisho, akanywa maji, akauliza: "Shemeji, mzani uko wapi?"

Akaeleza. Getini huingii hivi hivi. Mzigo wa kila mgumu unaning'inizwa kwenye mzani, mwisho ni kilo 20, ukizidi unafunguliwa na kupunguzwa palepale. Pale ndipo safari inapoanza, watu wanagombana, wanataniana, wanapima tena. Mgeni anayetoka hotelini na mkoba mdogo mgongoni ndipo anapoona sufuria, mitungi ya gesi, mayai, meza na viti vyake vikipanda vichwani mwa watu. "Mlima ni mizigo," akasema. "Hiyo mingine ni kutembea."

Tangu siku hiyo ramani imebadilika. Nilikuwa nimepanga chakula kipikwe jikoni na kupelekwa kila kituo kikisubiri watoto. Hapana. Chakula cha sherehe kitabebwa na watoto wenyewe kutoka getini. Mahindi ya bisi, sukari, majani ya chai, vikombe, maembe, mikate, vyote vinafungwa mizigo ya kilo moja hadi moja na nusu, kila mtoto wake. Kituoni hakuna kinacholiwa mpaka aliyekibeba amefika. Akichelewa, wenzake watamsubiri au watamfuata kumsaidia. Nilipomwuliza shemeji kama watoto wa miaka saba na nane wataweza, akanikumbusha kwamba binti yangu hubeba begi la shule zito kuliko hilo kila siku na hakuna anayemwonea huruma.

Mzani tumeazimwa na mwenye bucha ya mtaani, ule wa kuning'iniza wenye ndoana. Masharti: usafishwe, urudi tarehe 10 asubuhi kabla ng'ombe hajaletwa.

Vyeo navyo vimepangwa. Kuna kiongozi mkuu, kiongozi msaidizi, mpishi, daktari, mtunza daftari, na wote ni wagumu. Vyeo vitazunguka kila kituo, kwa sababu nawajua hawa: ukimpa mmoja ukuu mwanzo hadi mwisho, saa kumi utakuwa na mapinduzi.

Katikati ya Novemba: manunuzi

Karume, mitumba. Natafuta sweta za watoto kumi na mbili. Muuzaji kanitazama kuanzia kandambili hadi kichwani, jasho linatutoka wote wawili: "Mama, unahamia Njombe?" Nimezipata kwa elfu mbili mbili, kwa sababu sweta Dar mwezi huu ni mzigo mfu. Soksi nene pia, maana za mikononi hazikupatikana. Soksi zitavaliwa mikononi.

Sweta si mapambo. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi kama 6 kila ukipanda mita 1,000. Tumekaa na binti tukapiga hesabu: Dar mchana ni nyuzi 31, toa 6 kila mita elfu hadi 5,895, unatoa 35 hivi, kileleni, mchana huo huo, unabaki na nyuzi 4 chini ya sifuri. Usiku usiseme. Alirudia hesabu hiyo kwa baba yake, kwa dada wa kazi, kwa kondakta wa daladala.

Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, kwenye maduka ya vitenge. Mabomba ya karatasi ngumu ambayo majora ya vitambaa huzungushiwa hutupwa yakiisha. Nimeyapata bure, kazi ikawa kuyaingiza kwenye daladala. Hayo ni mashina ya ile miti ya ajabu ya Horombo, inayoitwa kitaalamu Dendrosenecio kilimanjari, ambayo haipatikani popote pengine duniani. Inasimama kama nguzo, majani makavu yameizunguka shina kama koti, na juu kuna shada moja kubwa la kijani. Kwa shada hilo nimetumia mashungi ya nanasi. Muuza matunda wa stendi alinipa gunia zima bila senti, ila alitaka kujua ninafuga nini.

Kwa miamba ya Mawenzi, kile kilele cha pili cha mlima, fundi alipendekeza karatasi za mifuko ya saruji kwa ile rangi yake. Nimekataa: vumbi la saruji linawasha ngozi na kuunguza macho, na hawa watoto wataigusa. Tumetumia karatasi za kaki, tukazikunja ovyo na kuzibandika kwenye maboksi kwa uji wa ngano. Binti na mtoto wa jirani wamefanya kazi yote hiyo Jumamosi mchana kutwa. Ni mbaya na inapendeza.

Mialiko

Imetumwa kwa wazazi kwa WhatsApp, mistari michache: kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili, raba na nguo za kuchafuka, zawadi si lazima. Halafu maswali: mtoto ana pumu? Kuna chakula kinachomdhuru, karanga kwa mfano? Anaogopa giza? Majibu yamesaidia kuliko nilivyotarajia. Wawili wana pumu na watakuja na dawa zao za kuvuta. Mmoja karanga hagusi, hivyo karanga zimefutwa kwa wote. Na mmoja mama yake ameandika kwa siri kwamba giza ni tatizo kubwa, tusimlazimishe na tusimtaje mbele ya wenzake. Limeandikwa kwenye daftari la shemeji tu.

Majaribio

Binti na mtoto wa jirani wamepita njia nzima. Wamemaliza kabla chai yangu haijapoa. Kwa mwendo huo watoto 12 watakuwa kileleni saa nane na nusu, na hadi saa kumi na mbili watakuwa wameibomoa nyumba.

Kwa hiyo kazi sasa ni kuwachelewesha. Shemeji anasema hata mlimani ndivyo: viongozi kutwa nzima wanaimba "pole pole", si kwa mzaha, bali anayekimbilia juu mwili haupati muda wa kuzoea hewa nyepesi na ndiye anayerudishwa akiumwa kichwa na kutapika. Kileleni kila pumzi inakupa oksijeni karibu nusu ya ile ya pwani.

Yaliyoongezwa: kila kituo kuna daftari la kusaini, jina, umri na unakotoka, kama vilivyo vibanda vya kweli. Kila kituo daktari anapima vidole kwa kile kipima oksijeni tulichonunua wakati wa korona, anasoma namba kwa sauti, mtunza daftari anaandika. Na kwenye kokoto kuna mbio za pole pole: wa mwisho kufika ndiye mshindi, ila miguu isisimame hata kidogo. Ukisimama, unarudi chini. Ukikimbia, unarudi chini. Njia ya kokoto tumeichimba kwa jembe ikapinda kushoto, kulia, kushoto, kama wanavyopanda changarawe ya Kibo.

Kilele nacho kimejaribiwa. Kiyoyozi kikiwa peke yake chumbani kinafanya kazi. Ingiza watu na ufungue mlango mara mbili, baridi imekwisha. Dawa ni barafu yenyewe. Kuanzia leo friza letu na la jirani yanagandisha maji kwenye makopo ya aiskrimu, sufuria na madishi. Katika bonge moja, hakuna atakayejua lipi isipokuwa mimi, umegandishwa ufunguo wa sanduku la vyeti.

Tarehe 6 Desemba: Babu amefika

Wakati Wachaga wa Dar wote wanatafuta tiketi za kwenda nyumbani Krismasi, wa kwetu ameshuka. Nimempokea stendi, shikamoo baba, marahaba mama, na nyuma yake mkungu wa ndizi mshare, kahawa kwenye kopo na mche mmoja usio na maelezo. Mshare ni za mtori wa Horombo. Akauliza kama kwenye mlima wa Kimara kuna mbege. Nikamwambia watoto watakunywa togwa, na yeye tutazungumza.

Usiku alituhadithia hadithi atakayowapa watoto, ile ya Kibo na Mawenzi. Ndugu wawili majirani. Mawenzi mvivu, moto wake unazimika, anakwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Anamkuta Kibo anatwanga ndizi kavu kinuni, na Kibo anampa moto na ndizi juu yake. Mawenzi anapenda zile ndizi. Anauzima moto makusudi, anarudi. Anapewa. Anauzima tena, anarudi. Safari hiyo Kibo anachomoa mchi kinuni na kumshindilia nao kichwani na mgongoni, na ndiyo maana hadi leo Kibo amekaa laini na mviringo, na Mawenzi, mita 5,149, ana meno na makovu matupu. Babu akisimulia, mchi anaupiga kweli mezani. Vikombe viliruka.

Binti alimtaka pia amtaje "mzungu wa kwanza kupanda" kwa sababu wamemsoma shuleni. Babu akaweka kikombe chini. Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni mwaka 1889, sawa. Nani aliwaonyesha njia? Kijana wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo. "Hao wawili waliandika vitabu. Mzee Lauwo alibeba na kuongoza. Kwenye sherehe yenu ataanza yeye." Basi kiongozi mkuu wa kwanza pale getini atavaa beji yenye jina la Lauwo. Imeamuliwa, sina kura.

Tarehe 8, usiku

Mvua za vuli zimekumbuka kazi yao leo. Imenyesha tangu magharibi. Miti ya Horombo imeingizwa sebuleni, tunapita kiubavu. Njia kati ya geti na mwembe ni utelezi, kwa hiyo fundi wa bustani amemwaga maganda ya mbao na tumefunga kamba ya katani ubavuni, ya kushikilia. Shemeji amefurahi: msitu wa mvua bila mvua ulikuwa unamkera.

Keki imeletwa. Mwokaji alionywa mapema kwamba krimu ya siagi haitavumilia joto letu, akatumia nazi iliyokunwa na kukaushwa kuwa theluji ya Kibo, na Mawenzi akaijenga kwa biskuti zilizovunjwavunjwa. Iko kwenye friji, imezungukwa na barafu pande zote. Bisi zitapikwa kesho, hukohuko Mandara, kwa sababu mlimani wageni wakifika kambini alasiri hupewa bisi na chai, na mtoto gani atakataa mila hiyo.

Tarehe 9 Desemba: siku yenyewe

Naandika usiku, wamelala, miguu inauma.

Mvua ilikatika saa tano. Hadi saa nane na robo watoto kumi na mmoja walikuwa getini, wa kumi na mbili alikwama kwenye foleni akapokelewa baadaye kama "mgeni aliyechelewa ndege". Shemeji alivaa kofia yake ya zamani ya mlimani na uso wa askari wa hifadhi. Mzani ukining'inia kwenye tawi.

Ningeweza kuishia hapo getini na sherehe ingetosha. Kila mtoto alileta mzigo wake, shemeji anautundika, mshale unatikisika, wote kimya, halafu anatangaza kwa sauti ya gwaride: "Kilo moja, gramu mia mbili! Pita!" Mmoja mwenye maembe alikutwa na kilo mbili, alikuwa ameongeza yake kutoka nyumbani ili awe mgumu kuliko wenzake. Embe mbili zikatolewa, akagoma, kesi ikasikilizwa, daktari akasema mgongo wake ni mzima, kiongozi Lauwo (msichana mwenye mapengo mawili) akaamua abebe moja na nyingine ailie palepale getini ili ipungue uzito. Shemeji akaniambia pembeni hukumu hiyo hakuwahi kuisikia mlimani lakini inafaa.

Msituni walitafuta mbega saba wa karatasi waliojificha mwembeni. Wakapata sita. Wa saba mimi mwenyewe sijui nilimweka wapi, na upepo wa jana una majibu yake. Mandara bisi zikapikwa kwa mahindi waliyobeba, na walipoona sufuria inasubiri sukari ambayo bado inapanda utelezi mikononi mwa mdogo kuliko wote, watatu walishuka wenyewe kumfuata. Hawakutumwa.

Horombo, mtori na togwa. Mtori ulipendwa na nusu, nusu nyingine waliusifu kwa adabu na kula mkate. Babu alipiga mchi. Baada ya hapo kila mtoto alitaka kuwa Mawenzi, hakuna aliyetaka kuwa Kibo mwenye ndizi, sijui nisemeje.

Mbio za pole pole zilichukua muda kuliko zote. Kuna kitu cha kuchekesha mno katika kumwona mtoto wa miaka minane, aliyezoea kupita sebuleni kama risasi, akiinua mguu mmoja, akiushusha kwenye kokoto inayoteleza, akihema, jicho kwa mwenzake asije akamtangulia kuchelewa. Mshindi ni yule aliyefika kwa kuchelewa ndege.

Kibanda cha Kibo, sweta na soksi mikononi, nyuzi 31 nje. Kulikuwa na manung'uniko. Tukazigawa tochi na kufungua korido. Mtoto ambaye mama yake alituandikia alisimama mlangoni akawa ameganda. Shemeji hakumwuliza kitu, alimwambia tu kwamba kibanda hakiachwi bila mpishi, na kwamba watu wengi hugeukia kwenye kingo za kreta bila kufika Uhuru na cheti wanapewa. Wakabaki wawili wakipanga vikombe. Wenzake walipokuwa katikati ya giza wakipiga kelele, akamuuliza shemeji kama mpishi anaweza kupelekwa juu kwa njia ya nje. Akapelekwa kupitia mlango wa nyuma, mchana kweupe, akafika kileleni wa kwanza.

Chumbani ilikuwa baridi hasa. Mabonge ya barafu kwenye mabeseni, kiyoyozi nyuzi 16, feni inapuliza juu ya barafu. Waliingia kutoka gizani wakanyamaza kwa sekunde mbili, halafu wakaanza kuruka. Sheria ya kupata ufunguo ilikuwa moja: hakuna nyundo, hakuna maji ya moto, ni mikono na pumzi tu. Wakagawana mabonge, wakayakumbatia na sweta zao, wakayapulizia, soksi zimelowa chapachapa. Hapo ndipo Babu, aliyekaa kitandani na koti lake la harusi, alipowaambia kwamba enzi za utoto wake barafu ya Kibo ilionekana kutoka shambani ikiwa imeshuka chini zaidi. Nikaongeza ninalolijua: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imeshatoweka. Wakatazama mabonge mikononi mwao. Mmoja akauliza, "Sasa sisi tunayeyusha ya nini?" Mwenzake akamjibu kwamba hii ni ya friza. Mjadala ukafungwa, ufunguo ukaonekana dakika chache baadaye kwenye bonge la sufuria ya ugali.

Bendera aliisimika mwenye siku, na mwenge wetu wa tochi iliyofungwa karatasi nyekundu. Tukawaeleza kwa kifupi: usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na mwenge kule juu, na kilele kilichokuwa na jina la Kaiser Wilhelm kikawa Uhuru. Binti akasikiliza kwa uso wa mtu anayesimuliwa habari za familia yake.

Keki ilipanda kichwani mwa shemeji ndani ya boksi, mikono yote ikiwa chini, mimi nimefumba macho. Binti aliwalisha Babu na bibi wa jirani kwanza, kisha baba yake, kisha mimi, kisha wagumu wote. Halafu yakaja yale ambayo hayakuwa kwenye ramani lakini kila mtu aliyajua: ndoo. Walimfukuza hadi kwenye simtanki wakammwagia maji, akarudi na yeye akawamwagia, na mwisho hatukujua nani alizaliwa lini. Wazazi waliokuja saa kumi na mbili walikabidhiwa watoto waliolowa, wenye sweta, wenye vyeti.

Tarehe 10

Hesabu: tumetumia 372,000, keki ikiwa ndiyo kubwa, ikifuatiwa na nyama ya mtori. Mapambo ya kutazamwa: sifuri. Wazazi wawili wameuliza kama mzani unakodishwa. Mzani umesharudi bucha, umesuguliwa kwa limau na majivu, mwenye nao kaunusa kwanza.

Sweta zimefuliwa na zimeanikwa. Kumi zinaondoka na Babu kwenda Marangu kwa wajukuu wengine, ambako Julai hazitachekesha mtu. Mbili zimekatazwa kuvuliwa hadi sasa, na mwenye moja analala nayo na feni.

Mabomba ya karatasi yamechukuliwa na mtoto wa jirani, anasema ni mizinga. Kokoto tumezirudisha kwa koleo ila lundo limepungua waziwazi, nyingine ziko kwenye viatu vya watoto hadi Mbezi na Ubungo. Fundi akija, mume wangu ndiye atakayemweleza.